Utepe wa Projekta

Shuleni kwetu Uyole hakuna kinachoanza bila mgeni rasmi. Choo kipya cha wasichana kilikamilika, na bado wasichana wakabanana kwenye kile cha zamani muhula mzima, wakimsubiri mtu wa kukata utepe. Kwa hiyo niliposikia Mkuu wa shule, Mwalimu Kalinga, amemwalika mheshimiwa aje kuzindua somo la mtandaoni, mimi mwalimu wa kompyuta nilijua tumekwisha.

Somo lilihusu kutengeneza filamu fupi, na lingerushwa moja kwa moja kutoka studio moja ya Mlandege, Iringa. Katikati ya somo wangetaja neno la siri. Filamu ya mwanafunzi isiyo na neno hilo isingepokelewa kwenye shindano. Zawadi ilikuwa kamera.

Nusrat wa kidato cha nne aliitaka kamera hiyo kwa moyo wote. Filamu yake, ya vijana wanaopakia viazi kwenye malori, aliirekodi kwa simu ya mama yake, Bibie, ambaye alikuwa anaidai kila mara kwa sababu wateja wa viazi wanapiga.

Maandalizi niliyafanya mwenyewe. Nilinunua bando, nikaziba madirisha kwa mablanketi ya bweni, nikajaribu picha na sauti mpaka mpishi akalalamika. Kila kitu kilifanya kazi. Ndipo Mkuu akaja na kitambaa cha meza kilichotumika kwenye harusi yake, akafunika kompyuta, projekta na meza nzima mpaka sakafuni, akazungushia utepe mwekundu.

"Hakuna kugusa mpaka mheshimiwa afike."

"Mkuu, somo linaanza saa nne. Iringa hawamsubiri mheshimiwa wetu."

"Madam, acha papara. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Saa nne ikafika, mheshimiwa hakufika. Wanafunzi walikaa gizani wakitazama kitambaa. Hasira zilinipanda mpaka nikatamani kuyang'oa yale mablanketi. Nikamtafuta Nusrat kwa macho, kiti chake kitupu. Kisha kitambaa kikawaka kwa ndani, kikasema kwa sauti ya mwanamke, "Karibuni sana, wanafunzi wetu."

Mkuu alisimama. Akaukagua utepe, ulikuwa haujaguswa. Kuinua kitambaa kungekuwa kuzindua, na kuzindua si kazi yake. Akakaa. Basi tukajifunza filamu kwa kusikiliza kitambaa, na wengine wakaandika notisi.

Mheshimiwa alifika somo limeisha. Alihutubia kwa kirefu kwamba teknolojia haimsubiri mtu, akakata utepe, akafunua. Nusrat alikuwa amechuchumaa chini ya meza, kompyuta mapajani, neno la siri ameliandika kiganjani.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," alijibu mheshimiwa, na watu wakapiga makofi.

Filamu ya Nusrat ilishinda. Kamera ililetwa na basi kutoka Iringa, ndani ya boksi, nami nililia mbele ya wanafunzi, wala sioni aibu. Mkuu akalifunga boksi kwa utepe, akaliweka kwenye kabati la chumba changu cha kompyuta mpaka apatikane mgeni rasmi wa kuikabidhi.

Nusrat akafanya mtihani, akamaliza shule, akaanza kuuza viazi na mama yake. Kila akipita getini aliniuliza, "Madam, mgeni hajapatikana tu?"

Majuzi alikuja anahema. Kuna watu Mbalizi walikuwa wanatafuta wa kurekodi harusi yao Jumamosi, na wamemwambia aje kama ana kamera. Nikaenda kwa Mkuu. Akanijibu kwa furaha kwamba mgeni keshapatikana, atakuja mwezi ujao.

Nililifungua boksi kwa chini. Utepe sikuugusa. Mahali pa kamera nimeweka viazi vya Bibie, uzito uleule, nikaligundisha kwa gundi ya shule.

Filamu ya harusi nimeiona, imetoka safi kabisa. Mgeni ameahirisha tena, na viazi vimeanza kuchipua.