Mafuta ya Kondoo Kwenye Mlingoti

Mlingoti mrefu hauchongwi na mtu mmoja. Mmoja hupiga randa, mwingine hushika ncha ya pili na kuugeuza taratibu. Kwa hiyo Okoth, fundi wa vitanda hapa Kitengela, aliposikia Mwalimu Wakhungu amempa Simel kazi ya mlingoti, hakuumia kwa ajili ya mti. Aliumia kwa ajili ya ile ncha ya pili.

Kwani mashua yenyewe, ile iliyokuwa uani kwa Mwalimu ikingoja kupelekwa ziwani atakapostaafu, iliundwa na nani? Si Okoth na Mwalimu, kila Jumamosi, wakipiga soga mpaka chai inapoa? Leo amezuka Simel, mchonga rungu wa Isinya, mtu ambaye maji mengi aliyowahi kuona ni ya bwawa la kunyweshea ng'ombe! Wivu ukamshika Okoth.

Na kibaya zaidi, Simel alikuwa na mkono. Mti wa saiprasi ulinyooka, ukalainika, na kila jioni aliupaka mafuta ya kondoo, vile rungu hupakwa lisipasuke. Mwalimu alishika ncha, akageuza, akasifu.

"Okoth, kuja uone! Umewahi guza kitu laini hivi?"

Okoth aliona. Aliona pia kwamba kipande cha kushikilia kamba ya tanga kileleni kingebandikwa kwa gundi, na gundi haishiki mbao iliyokunywa mafuta. Hata mwanagenzi anajua hilo.

"Iko poa, Mwalimu," akasema, habari ya gundi asiitaje. Mwenye wivu ajinyonge, husema watu. Yeye aliona heri aibike mwingine.

Siku ya kuusimamisha kwenye mashua pale uani, upepo ulivuta tanga mara moja tu. Kipande kikabanduka, tanga likawafunika kuku. Mwalimu akakiokota, akakipapasa.

"Ni mafuta," Simel akasema polepole. Kisha akamgeukia Okoth. "Lakini wewe ni fundi ya mbao. Ulikuwa unaniona nikipaka. Si ungeniambia?"

"Okoth," Mwalimu akauliza, "ulijua?"

Okoth aliinama kumtoa kuku mmoja chini ya tanga.

"Sawa. Ingine utatengeneza wewe," Mwalimu akasema. Hakufoka, na hapo ndipo palipouma.

Jumamosi Okoth alifika mapema, randa ameinoa, saiprasi mpya ikimngoja uani. Simel naye alikuja kuuchukua ule mlingoti wake, ukawe mti wa lango la boma.

"Mwalimu, nishikie hapo nyuma," Simel akasema.

Wakaubeba, huyu mbele, huyu nyuma, wakatoka wakicheka.

Okoth akapiga randa. Ncha ya pili ikacheza, randa ikaruka. Akaiweka chini, akauzunguka mti hadi mwisho wake, akaugeuza kidogo, kisha akarudi alikoanzia.