Mpira Uliogoma Kuvuka Mstari

Jumamosi ya mechi ya mwisho, Janja, mke wa kocha, alikuwa nyuma ya goli akikoroga mchuzi wa nyama na pilipili nyekundu, sufuria ikining'inia kwenye miguu mitatu ya chuma. Mumewe Vjeko alisimama kando ya uwanja akitafuna mbegu za maboga, goti la kushoto likimuuma kama kawaida. Timu ya kijiji ilihitaji bao moja tu isishuke daraja.

Uzima wa goti hilo aliuacha Ubelgiji. Alianza kucheza hapahapa karibu na mto Drava, kwa viatu vya binamu yake. Akaenda mji wa Osijek, akaenda nje ya nchi, akashangiliwa, akavunjwa, akarudi. Wenzake walifungua mikahawa pwani. Yeye alikuja kufundisha vijana wa nyumbani kwa kuwa Stipan, mwenyekiti wa klabu, alimwita. Stipan ndiye aliyemsimamia ndoa, tena akamshika binti wa Vjeko kwenye maji ya ubatizo, na tangu hapo wanaitana somo. Kwao somo ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Huwezi kumshtaki mbele za watu hata akuchomee ghala.

Dakika za mwisho, Tunjo, mshambuliaji wao, akaachia shuti. Kipa wa wageni alikuwa ameshajilaza upande mwingine, taratibu, kama mtu aliyetandikiwa. Mpira ukafika kwenye mstari wa goli, ukasimama hewani, kimo cha kifua.

Tunjo akausukuma kwa kichwa, kisha kwa bega. Haukutikisika.

"Tunjo, uombe kwa adabu!" mtu akapiga kelele, watu wakacheka.

Refa akatazama saa, akapuliza filimbi ya mwisho.

"Imeuzwa mechi hiyo," alisema bibi Manda, akimpokeza Janja chumvi. "Mara ya mwisho mpira ulisimama hivyo, nilikuwa na mimba ya mwanangu Pero."

"Kauza nani, bibi?"

"Mwanangu, tazama ni nani asiyeutazama."

Stipan alikuwa ameupa uwanja mgongo, akichambua vitunguu kwenye mkate wake. Vjeko naye alimwona. Akamwendea, akichechemea.

"Somo, geuka uone."

"Nimeona mipira mingi, somo. Nyama imeiva?"

Jumanne kamati ilikaa kwenye ukumbi wa wazimamoto. Dirishani mpira ulionekana vizuri, shomoro mmoja juu yake. Wakamuuliza kocha kama ana la kusema kabla hawajamwondoa.

"Au mpira umsemee," mmoja akatania, lakini hakuna aliyecheka.

Vjeko akamtazama Stipan.

"Sema lolote, somo," Stipan akamwambia kwa upole. "Mimi sitakukatiza."

Stipan alijua kuwa hatasema. Tangu awali alikuwa amelijua hilo, na ndiyo maana alimwita yeye arudi, si mwingine. Vjeko alilielewa hapo, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki.

"Sina," alisema.

Kura ilipopigwa, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Stipan. Kisha akammiminia pombe ya plamu. "Usinichukie, somo. Haya ni mambo ya klabu."

"Ungesema," Janja alimwambia nyumbani.

"Ni somo yangu."

"Na wewe kwake ni nani?"

Vjeko akainama kufungua kamba za viatu. Zilimchukua muda mrefu.

Mpira ulibaki. Kocha mpya alisogeza goli hatua chache nyuma, wachezaji wakazoea kuuzunguka, mkata majani akawa anapitisha mashine chini yake. Jukwaa lilipata paa jipya, na watu wakakaa chini yake mvua iliponyesha, bila kuuliza pesa zilitoka wapi.

Kufika vuli Stipan akaja na keki ya kokwa za jozi. Mwanawe amepata mtoto wa kiume. Anatafutwa wa kumshika ubatizoni. "Nimwombe nani mwingine, somo?"

Ombi la namna hiyo halikataliwi. Vjeko akavaa suti yake ya Ubelgiji, akambeba mtoto hadi kanisani. Padri akauliza kama wanazikataa hila zote za mwovu.

"Nazikataa," alisema Vjeko.

Nyuma yake Stipan naye akaitikia, kwa sauti iliyoshiba, akamnyooshea taulo la kumfutia mtoto kichwa.