Tone la Rakaa ya Pili

…na ndilo hilo, limetoka, nimelisikia, lina joto lake lile lile, linasubiri nifike rakaa ya pili ndipo lije, kama lina saa, na miguu yangu tayari inataka kugeuka kwenda bafuni, tulia wewe, soma, nilikuwa nimefika aya gani, jikoni sufuria inatokota na kifungua mimba wangu anamkemea mdogo wake, "usimsemeshe mama, anaswali," na mdogo anajibu, "si atatoka tena sasa hivi, subiri tu umwone," mtoto hana adabu huyu, lakini kasema kweli, tangu nimzae kitinda mimba natoka, natawadha, narudi, naanza upya, natoka, alasiri inanikokota mpaka magharibi, baba yao akawa anagonga tangi la maji kwa kidole asikie lilivyo tupu, "mama watoto, unaswali au unafua?" nikacheka naye, nikaingia chumbani nikalia… halafu nikajifanya mjanja, nikawa natawadha mapema, adhana bado, kama ninavyoloweka maharage, nikijua nikiwahi nitamaliza kabla halijanivuja, kumbe hapo ndipo nilipokuwa naharibu, na daktari naye anasema mazoezi, miezi, tutaona, nani anaiona hiyo miezi, mpaka nikamwambia wifi yangu basi, naacha kuswali, nitarudi nikipona, naye akachukua mtandio wake na wangu, akanipeleka kwa mwalimu wake wa darsa, mama mfupi, anamenya karanga, nikamnong'oneza kwamba mkojo unanivuja, yeye akauliza kwa sauti yake ya kawaida tu, "unakatika hata kidogo, upate nafasi ya kutawadha na kuswali?" nikasema haukatiki, haueleweki, "basi una udhuru, mwanangu, huna kosa, wewe usitawadhe kabla ya wakati, ngoja uingie, jisafishe, vaa pedi safi, tawadha, uswali papo hapo, usipite kwanza kuchungulia jikoni, kitakachovuja humo katikati hakikuharibii, ikiingia swala nyingine unafanya tena hivyo hivyo," nikauliza, "hata nikiwa nimesujudu?" akatupa ganda la karanga, "hata umesujudu, kwani unadhani Mungu hajui kwamba umezaa watano?" wifi akapaliwa, tukampigapiga mgongoni, na mimi nikahisi mabega yananishuka, nikashangaa, kumbe nilikuwa nimeyapandisha muda wote huo… na leo nimeyafuata yote, adhana imeisha ndipo nikafungua bomba, pedi iko mahali pake, sikuchungulia sufuria ingawa nilisikia kifuniko kinaruka, na bado mguu huu wa kulia umeshainua kisigino, umezoea kukimbia, rudi chini, hakuna aliyekufukuza, sivunji, leo sivunji, mwalimu kasema, na aliyeniumba kanijua kabla ya mwalimu, soma, waladhaalin, amin, nimeimaliza, jamani, nimeimaliza Fatiha ya rakaa ya pili nikiwa nimesimama palepale nilipoianza, na mlango unalia, ni yule mdogo, kachungulia, "mama, unatoka?" na dada yake nyuma anamvuta shati, "we!" na mimi nasoma sura yangu fupi, naona vidole vyake vya miguu ukingoni mwa mswala, vichafu, vinangoja kunipisha, Allahu akbar, nainama, na tone jingine hilo linakuja, na lije, pedi ipo, mimi nashuka…