Tawi Njia Panda

Recheli alikaza ngata kichwani, akachuchumaa, wenzake wawili wakamtwisha hema la wageni. Lilikuwa limenyonya maji usiku kucha, zito kama maiti. Ilikuwa siku ya tatu tangu watoke Tura kwa miguu kwenda Tabora, wageni sita, wapagazi tisa na kiongozi wao, na mvua haikuwa imewapa nafasi hata ya kuanika soksi.

Kampuni iliiita safari hiyo Njia ya Wapagazi. Wageni walitaka kukanyaga walikokanyaga watu wa kale waliobeba pembe za ndovu. Wapagazi wa sasa walibeba mahema, meza ya kukunja na choo cha plastiki.

"Choo hiki kingekuwepo zamani," alisema Yustina akijifunga kanga kiunoni, "babu zetu wangekaa huko huko Bagamoyo kwa aibu."

Yustina alikuwa shangazi yake Recheli, ndiye aliyemlea tangu darasa la pili. Goti lake la kushoto lilikuwa limevimba, na alivyoinua ndoo ya masufuria kwa kujipinda, Recheli alijua leo atabaki nyuma.

Mbele yao palikuwa na Lugulu. Kwa Kinyamwezi neno hilo ni mlima tu, na hakuna aliyewahi kuona haja ya kuupa jina jingine. Wingu jeusi lilikuwa limeukalia hadi kiunoni. Yustina alimwomba Wilbroad, kiongozi wao, wasubiri radi zipite. Wilbroad alikuwa mtu wa Moshi, miaka minane alipandisha watu Kilimanjaro, na Lugulu aliuona kichuguu. Akamjibu kwamba ratiba haipangwi na wabeba sufuria.

"Haya, kirangozi," alisema Yustina, kwa lile neno la kale la mtu wa mbele ya msafara. Wapagazi wakainamisha nyuso wasionekane wanacheka.

Saa nne mvua ya mawe ikawakuta katikati ya mteremko. Miamba iliteleza kama sabuni. Wakafika penye njia panda, moja ikipanda mgongo wa mlima, nyingine ikiteremka mbugani. Wilbroad akavunja tawi bichi, akalilaza juu ya njia ya kupanda, akaliruka, akaendelea.

Recheli akasimama.

"Kaka Wilbroad, umefunga njia."

"Nimeonyesha njia. Wa nyuma wajue tumepita hapa."

"Huku kwetu tawi likilazwa njiani, maana yake usipite. Shangazi yuko nyuma peke yake."

"Dada, tembea. Wageni wanalowa."

Kwa mzigo ule kichwani, kuinama asingeweza bila mtu wa kumtua. Akalisukuma tawi kwa mguu. Likasogea kidogo, upepo ukalirudisha. Nyuma yake mgeni mmoja alikuwa akitetemeka, anangoja apishwe. Recheli akaliruka.

Juu, chini ya mwamba uliotokeza kama paa, walipiga mahema. Recheli alihesabu wapagazi, wakawa wanane. Akahesabu tena. Wilbroad alisema yule mama anajua njia za kwao, chai kwanza. Recheli akaenda ukingoni. Mbuga iliyokuwa majani asubuhi sasa iling'aa kwa maji kama bati, na ule mng'ao ulikuwa ukipanuka. Alirudi kwa Wilbroad mara mbili, na mara zote mbili akaambiwa angoje mvua ipungue.

Saa nzima ikapita. Ndipo Wilbroad akamwita hemani, akampa karatasi na kalamu. Recheli aliishia darasa la saba. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari.

*Mpagazi Yustina alikaidi maelekezo ya kiongozi na kujitenga na msafara. Ametafutwa bila mafanikio.*

"Ametafutwa na nani?" aliuliza.

Wilbroad alisema ni utaratibu tu. Ofisi inataka fomu ijazwe siku hiyo hiyo, na anayesaini ni ndugu.

"Hujamwita hata kwa sauti."

"Ukishuka, ujue huna kazi. Na Tabora nzima hakuna kampuni itakayokuchukua, hilo nakuahidi."

Recheli aliiweka kalamu juu ya karatasi, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Akatoka. Akafungua kamba ya hema moja la wageni, akaizungusha begani. Hema likalegea upande. Issa, mpagazi aliyekuwa pia mpishi, alikuwa anamimina chai. Alimtazama, akatazama kamba, akaweka birika chini. Suzana, mpagazi mwenzao, akavua koti la kampuni, akalitundika kwenye mwiba. Wengine wakafuata, huku Wilbroad akiwasomea mkataba toka mlangoni mwa hema na wageni wakiuliza kwa lugha yao kuna nini.

Waliteremka wanane. Kwa mara ya kwanza katika siku tatu, hakuna aliyekuwa na mzigo kichwani. Ukingoni mwa mbuga waliikuta ndoo ya masufuria, imetuliwa vizuri juu ya jiwe, kifuniko kimefungwa. Maji yalikuwa yamelizunguka lile jiwe. Wakaita kwa zamu, kisha wakanyamaza wasikilize. Maji tu.

Recheli akajifunga kamba kiunoni, akampa Issa ncha ya pili, akaingia majini.