Antena Iliyokataa Kushika

Kisa hiki alinipa Verna Tollefsrud mwenyewe, mwaka ule theluji ilipowahi kuanguka, tukimenya viazi vya ile mikate myembamba ya Krismasi katika chumba cha chini cha kanisa. Hakunitazama usoni alipokuwa akisimulia. Alikitazama kiazi chake.

Verna ni mjane wa Orvin. Orvin alimwachia shamba, mbwa kiziwi, na gari la kijivu aina ya Buick walilolinunua likiwa jipya mwaka aliozaliwa mtoto wao Lyle. Lyle sasa ana mvi, lakini gari lilikuwa bado linawaka kwa mguso mmoja. Shida haikuwa gari, shida ilikuwa usingizi.

Barabara zetu huku zimenyooka kama uzi wa mwashi. Ukishauacha mji, ni ngano, kisha alizeti, kisha ngano tena, na redio ya kale haikupi kitu ila mkwaruzo. Verna akiusikia ule mkwaruzo, kope zinashuka zenyewe. Mwezi wa tano alizinduka akiwa ndani ya shamba la watu, ngano changa ikilifagia tumbo la gari.

Lyle aliposikia alikuja mbio. "Mama, ukisinzia tena nachukua funguo."

"Na Ardis je?"

Ardis ni dada yake Verna, yuko kwenye nyumba ya wazee katika mji wa mbali. Alishasahau majina ya watu wote. Wauguzi wakimpelekea kijiko anafumba mdomo, ila akimwona Verna anaufungua. Siku ambazo Verna hakwenda, Ardis alilala na uji kidogo tu tumboni, na mifupa ilikuwa imeshaanza kuonekana.

"Basi tia redio ya setilaiti," Lyle akasema. "Inaongea njia nzima, haitegemei mnara wa mji. Utakuwa na mtu wa kukupigia kelele."

Ndipo Verna akalipeleka gari kwa Milo Brekke, jirani yake, ambaye hutengeneza redio za mashine za kuvunia. Alichukua na chupa ya kahawa.

"Kahawa, Milo?"

"La, usijisumbue."

"Bado ya moto."

"Aa, kunywa wewe tu."

"Tone moja, basi."

"Haya, tone moja," Milo akasema, akasogeza kikombe kikubwa kama ndoo.

Kwetu ndivyo. Mtu hukataa mara mbili asije akaonekana mroho, na mwenyeji huuliza mara ya tatu, kwa sababu hiyo ya tatu ndiyo swali lenyewe. Aliyeishia mara mbili hajamkaribisha mtu.

Milo aliipitisha waya chini ya zulia, akaitokeza nyuma kwenye mpira wa kioo. Antena yenyewe ilikuwa ndogo kama biskuti, na sumaku chini yake.

"Tunaiweka katikati ya paa," akasema. "Iione mbingu pande zote. Ukipita chini ya daraja la reli itanyamaza kidogo, usishtuke. Isipoona mbingu haina la kusema."

Akaibandika. Ikateleza. Akaibandika tena, ikateleza tena.

"Paa la chuma linakataa sumaku? Gari hili lina kiburi kama marehemu." Akagonga kwa kidole. Pembeni chuma kikalia, katikati kikaitika bubu. "Pana pati hapa, udongo wa kuzibia bati. Palibonyea, mtu akajazia."

"Hapajawahi kubonyea," Verna akasema. "Tumeliendesha mimi na Orvin tu."

Milo akaanza kuisogeza sumaku polepole, akiweka alama ya chaki kila ilipoacha kushika. Alipomaliza akarudi nyuma hatua moja. Wote wawili wakatazama. Ile chaki ilichora kiganja cha mtu mzima na vidole vitano vilivyotanuka.

Hapo Verna akakumbuka, akamweleza Milo. Masika moja ya zamani Orvin alijifungia na gari karakanani, akatoka na rangi kwenye kucha, akasema ni mvua ya mawe.

"Mvua ya mawe yenye vidole," Milo akasema, halafu akajuta. "Ehe," akaongeza. Kwetu mtu akishasema "ehe" namna ile, mazungumzo yamefungwa. Akaifuta chaki kwa kiwiko, akaibandika antena palepale kwa utepe wa kunata.

Safari ya kwanza ilikuwa raha. Verna alisikiliza muziki wa kodiani, kisha mtu akieleza namna ya kupogoa miti ya tufaha, macho makavu kabisa. Alipoingia chini ya daraja la reli, muziki ukakatika, kama alivyoambiwa. Halafu, katika kile kimya, sauti ya mwanamume ikatoka redioni, karibu, kama ya mtu aliyeinama dirishani.

"La, sitaki kukusumbua."

Alipotokea upande wa pili, kodiani ikaendelea.

Alijiambia ni vituo vimegongana. Akaenda, akamlisha Ardis. Wakati wa kurudi, chini ya lile lile daraja, sauti ikaja tena.

"Hapana, we nenda tu. Mtoto mgonjwa."

Verna alisimamisha gari kando ya barabara. Aliijua ile sauti. Ilikuwa ya Selmer Aune.

Selmer alikuwa kapera, mwenye haya, shamba lake likiwa mbele kidogo ya daraja. Majira ya baridi ambayo Lyle alikuwa mchanga na kifua kimembana, Verna alimtuma Orvin mjini kwa dawa, akamwambia asisimame popote. Tufani ya theluji ikashuka. Gari la Selmer lilikuwa limekwama, naye akawa anatembea. Theluji ilipoyeyuka alikutwa chini ya daraja, amekaa, kama mtu anayengoja kuchukuliwa. Orvin alisema, "Nilimkaribisha, akakataa." Watu wakatikisa vichwa, ndivyo alivyokuwa Selmer. Hakuna aliyemuuliza Orvin alimkaribisha mara ngapi. Hata Verna hakuuliza, na walilala kitanda kimoja miaka yote ile.

Sasa alijua. Selmer alikuwa ameuweka mkono juu ya paa, anangoja swali la tatu, na gari likaondoka chini ya mkono wake.

Kesho yake alikwenda kwa Milo. "Ing'oe."

"Haifanyi kazi?"

"Inafanya."

"Sasa?"

Verna akalitazama paa. Milo akamtazama, akasema taratibu, "Nikiing'oa utasinzia, Verna. Na Lyle kashanipigia simu kuuliza. Na njia ya kwa Ardis ni ile moja."

"Ehe," Verna akasema, akarudi nyumbani na antena yake paani.

Siku ya safari ilipofika, jua lilikuwa kali, lami inametameta. Angeweza kupiga simu aseme anaumwa. Akamfikiria Ardis amekaa dirishani na mdomo wake uliofumbwa. Akawasha gari.

Chini ya daraja akasimama kabisa. Redio ikanyamaza. Njiwa waliokuwa kwenye vyuma juu nao wakanyamaza. Baridi ikaanza kumpanda toka miguuni, na pumzi yake ikaonekana, nyeupe, mwezi wa saba.

"La, sitaki kukusumbua," sauti ikasema.

Akangoja.

"Hapana, we nenda tu. Mtoto mgonjwa."

Kisha kimya. Si kimya cha redio iliyokatika. Kilikuwa kimya cha mtu aliyeshika kofia mkononi, anangoja. Juu ya kichwa cha Verna paa likalia kidogo, kama bati linaloelemewa.

Alijua kwamba akiuliza, atajibiwa.

"Selmer," akasema. "Mtoto alipona. Ingia. Ni njia yangu hiyo hiyo."

"Haya basi. Kama si usumbufu."

Mlango haukufunguka, lakini gari likashuka nyuma, springi zikalia, na harufu ya sufu iliyoloa ikajaa ndani. Verna hakutazama kioo. Aliendesha. Alipotoka darajani redio haikurudi. Alisikia mtu akipumua nyuma yake, taratibu, kama anayejaribu kutochukua nafasi.

"Mvua zimechelewa mwaka huu," Verna akasema, maana si adabu kumbeba mtu bila kumsemesha. Hakujibiwa, ila pumzi ikatulia.

Kwa akina Aune hapana nyumba tena. Pamebaki safu ya miti ya kukinga upepo na pampu ya kisima. Alisimama penye pampu.

"Tumefika, Selmer."

Springi zikapanda. Kisha juu ya paa yakaja makofi mawili mepesi, kama mtu anavyompigia dereva kumwambia asante, nenda. Kodiani ikaanza kulia redioni katikati ya wimbo.

Ardis siku hiyo alimaliza sahani nzima, akalala kijiko kikiwa bado mdomoni. Verna alikichomoa polepole, akaondoka. Njiani kurudi, chini ya daraja, redio ilinyamaza kama redio yoyote, na njiwa walikuwa wakigombana.

Jua lilikuwa bado juu alipofika nyumbani. Kwenye zulia la nyuma palikuwa na maji, na kipande cha barafu kisichozidi ukucha. Utepe wa antena ulikuwa umebanduka kwa joto, unaning'inia. Antena yenyewe ilikuwa imekaa palepale katikati. Alipoivuta, sumaku ikamkatalia. Akagonga paa, chuma kikalia.

Simu ikaita. Alikuwa Lyle. "Umefika, Mama? Hukusinzia?"

"Hata kidogo. Nilikuwa na mtu."

"Mtu gani?"

"Redio, mwanangu. Inaongea sana."

Lyle akacheka, akamuaga. Verna akavua viatu, akajinyoosha kwenye kochi na dirisha wazi, mbwa kiziwi miguuni pake, na usingizi aliokuwa akiukimbia njia nzima ukamkuta.