Ridhiwani na Ukoo wa Wadachi

Ukoo wa Ruppenthal, Wadachi waliohamia Amerika karibu miaka mia tatu iliyopita, haukuwa na mtu aliyeujua vizuri kuliko Ridhiwani Saadi wa Kibiti. Hilo alilisema mwenyewe, na kwa kuwa Kibiti nzima hapakuwa na wa kumpinga, alilisema kwa sauti. Alijua kwamba Johan Adam Ruppenthal alipanda meli bandari ya Rotadamu akashukia Filadelfia, kwamba shamba lake la Pensilvania lilikuwa la mawe matupu, na kwamba kati ya wanawe, watatu waliitwa Johan. Ukimuuliza jina la bibi mzaa mama yake mwenyewe, alikuwa anakohoa.

Ujuzi huo aliupata Dar es Salaam, alipokuwa kibarua wa kupanga nyaraka za enzi ya Mdachi. Huko mzee mmoja alimfundisha kusoma ule mwandiko wa kale wa Kidachi, unaofanana na nyayo za kuku aliyekanyaga wino. Kibarua kikaisha, Ridhiwani akarudi nyumbani na elimu isiyoweza kupata mnunuzi hata gulioni. Ndipo mtandaoni akakutana na Bi Doroti, mama mtu mzima wa Amerika aliyetaka kujua babu zake walitoka wapi. Tangu siku hiyo kijana akajiita mtaalamu wa nasaba, akaanza na kutoa semi. "Anza na walio hai," aliwaambia vijana wa kijiweni ambao hawakuwa wamemuuliza kitu. "Na cheti si ushahidi."

Nyani haoni kundule.

Pamoja na majigambo yake yote, kitu alichokitaka kwa dhati hapa duniani kilikuwa kimoja, nacho ni Nasra, fundi cherehani wa Ikwiriri. Posa ilikwishapokelewa, ndoa ilikuwa inangoja ufuta uvunwe. Nasra alikuwa binti mwenye maneno machache na ushungi usioteleza. Ridhiwani alimpenda mpaka akaona haya, na katika mapenzi hayo kulikuwa na jambo dogo la kitoto: hakuwa amewahi kuona unywele wake hata mmoja. Alipomdokezea hilo kwenye simu, alijibiwa, "Subiri ndoa." Basi akasubiri.

Ijumaa moja alasiri alikwenda kumwamkia mkwewe mtarajiwa, Bi Hajira, mama yake Nasra. Mtu mwenye akili angeamkia, angekunywa chai, angeondoka. Ridhiwani alitaka kuonekana msomi. Akakaa barazani, Bi Hajira akimenya mihogo, Nasra akisikiliza nyuma ya pazia, akaanza kusimulia habari za meli.

"Mke wa Johan Adam alifia baharini, mama, akaacha kichanga. Meli nzima hakuna maziwa. Akatokea mwanamke anaitwa Katarina, naye ana mtoto wake mchanga wa kiume, akamchukua yule yatima akamnyonyesha pamoja na mwanawe. Mtoto akapona! Na mwisho wake ndio mtamu. Walipokua, yule binti akaolewa na mtoto wa Katarina. Bi Doroti nilipomwandikia alilia kwa furaha."

Akangoja sifa. Bi Hajira aliweka kisu chini.

"Astaghfirullahi! Kaolewa na kaka'ke?"

"Kaka yake vipi, ma..." Kitu anachokijua kila mtoto wa madrasa, kwamba walionyonya ziwa moja ni ndugu na hawaoani, yeye mtaalamu alikaa nacho miaka miwili hakukiona. Nyuma ya pazia mtu alicheka kwa pua.

"Wenyewe si Waislamu, mama," alijitetea.

"Nshajua. Lakini wewe je?" Bi Hajira alitikisa kichwa, kisha uso wake ukabadilika. "Hata mie nna wangu wa namna hiyo. Mwaka wa elnino, tulikuwa bado tunaishi Mkongo, maji yakatutoa majumbani tukakimbilia shuleni, kule kwenye kilima. Ukaja mtumbwi umembeba mwanamke mgonjwa na kichanga. Walikuwa wanampeleka hospitali, maji yakawazuia. Hakufika alfajiri, masikini. Mie nilikuwa na Shaabani, kifungua mimba wangu, bado ananyonya. Nikamchukua na yule. Huku mmoja, huku mmoja. Nikamwita Kudra, maana alipona kwa kudra ya Mungu tu. Mwezi wa pili baba'ke akaja kumchukua, mtu wa Maparoni. Kwa kulia hata jina sikumuuliza." Akajifuta macho kwa pembe ya khanga. "Kila nikiswali namwombea. Sijui yu hai, sijui kafa."

Hapo ndipo Ridhiwani alipojichimbia kaburi lake, tena kwa mikono miwili.

"Mama, huyo nitakuletea," alisema. "Nimewapata Wadachi waliokufa zamani za meli za matanga, nitashindwa na mtu wa Maparoni?"

"Usinipe maneno, mwanangu."

"Nisipomleta, mimi si mtaalamu."

Alirudi Kibiti amevimba kichwa. Aliyemlea alikuwa shangazi yake, Bi Mwanamina, na aliposikia habari ile aliungua mkono kwenye kikaango. "Yaache maji ya zamani, yalishapita," alisema bila kumtazama. Ridhiwani akamhurumia, mama wa watu, hana moyo wa utafiti. Haikumpitikia kwamba shangazi yake naye ni mmoja wa walio hai.

Akapanda boti kwenda Maparoni, kwao baba yake, kalamu mfukoni. Pale watu walipokuwa wakianika mpunga akasimama, akakohoa, akauliza kama kuna anayemkumbuka mtu wa hapa aliyefiwa na mke mwaka wa elnino, akabaki na kichanga kilichonyonyeshwa Mkongo. Watu wakatazamana. Mwanamke mmoja akaanza kucheka, wengine wakamfuata.

"Unatutania?" aliuliza Mzee Kondo, aliyekuwa jirani wa marehemu baba yake. "Si Saadi mchonga mitumbwi huyo? Mkewe Mwanawetu. Kichanga ndo wewe."

"Kuna Saadi mwingine?"

"Labda kwa Wadachi."

"Lakini mimi mama yangu alifia Kibiti! Nimezaliwa Kibiti, cheti changu kimeandikwa..."

Akaishia hapo, maana aliusikia usemi wake mwenyewe ukirudi. Mzee Kondo, ambaye sasa hakucheka tena, alimweleza taratibu kwamba cheti kile shangazi yake alikikata Kibiti alipotaka kumwandikisha shule. Ridhiwani aliirudisha kalamu mfukoni. Mganga hajigangi, alijiambia, lakini huyu mganga hata hakujua kwamba anaumwa.

Usiku hakula. Shangazi yake alikuja kukaa karibu naye, akalia. "Nilikwambia nimekulea kwa maziwa ya kopo. Kopo lilikuja baadaye. Sikuzaa, Ridhiwani. Nilitaka uwe wangu peke yangu, asije mtu kusema ana sehemu yake. Yule mama wa Mkongo sikumjua kwa jina wala kwa sura. Ningemjua, ile posa ningeizuia hata kwa kulala mlangoni. Nimemjua siku uliponisimulia, na woga ukanifunga mdomo."

Hakuweza kumkasirikia. Alitafuta mwanya. Wanavyuoni wanasema kunyonya mara tano kwa kushiba ndiko kunakofanya udugu, akajipa tumaini kidogo, kisha akajitazama tumbo: kwa ulafi aliozaliwa nao, tano zile hakika alizimaliza siku ya kwanza. Na Bi Hajira alimnyonyesha miezi miwili.

Mwanya wa pili ulikuwa kunyamaza. Angesema tu kwamba mtoto hakupatikana. Maparoni ni mbali, shangazi angemeza, ndoa ingepita. Wazo hilo alilala nalo na kuamka nalo siku kadhaa, na hakuna haja ya kumsafisha: alilipenda. Lakini kila alipolifikisha mwisho alimwona Bi Hajira juu ya mswala akimwombea Kudra, na Kudra mwenyewe amekaa chumba cha pili anakula mkate wake, na Nasra, ambaye hana kosa lolote, amelala kando ya kaka yake bila kujua. Alilia kama mtoto. Kisha akanawa uso, akaenda Ikwiriri.

Safari hii pazia lilikuwa wazi. Nasra alileta chai, ushungi wake umemfunga mpaka kidevuni, akarudi kusimama mlangoni na kikombe chake. Alikuwa na tabasamu la mtu anayengoja kucheka.

"Haya, mtaalamu. Umempata?"

"Nimempata."

Bi Hajira alitazama njiani. "Yuko wapi sasa? Mbona umemwacha nje kwenye jua?"

"Yuko ndani, mama. Amekaa kwenye mkeka wako. Mama yangu aliitwa Mwanawetu. Baba ni Saadi, mchonga mitumbwi wa Maparoni."

Kikombe kilichokuwa mkononi mwa Nasra kilishuka polepole mpaka sakafuni. Bi Hajira aliinuka, akamshika Ridhiwani kichwa kwa mikono yote miwili kama anayepima tikiti, akamvuta kifuani. "Kudra," alisema. "Mwanangu Kudra. Yarabi, umenirudishia na umeninyang'anya." Alilia kilio cha furaha na cha msiba kwa pamoja, na Ridhiwani, aliyeshindwa kujua ajibu kipi, akalia vyote viwili.

Nasra aliingia chumbani akafunga mlango. Alikaa huko mpaka adhana ya alasiri ikapita, na wawili wale barazani hawakuthubutu kumwita. Ridhiwani alifikiri juu ya Katarina wa melini, ambaye katika karatasi zote za Bi Doroti hakupewa hata mstari wa kumuunganisha na yatima aliyempa uhai, ila kama mkwe wake.

Mlango ulifunguliwa. Nasra alitoka macho mekundu, birika jipya mkononi, kichwa wazi. Nywele zake zilikuwa nyingi, nyeusi, zimesukwa mabutu manne ya haraka kama ya mtu wa nyumbani asiyetarajia mgeni. Ridhiwani aliangusha macho kwa mazoea, kisha akakumbuka kwamba hana tena sababu ya kuyaangusha. Akayainua, akaziangalia.

Nasra alimimina chai, akamsogezea kikombe.

"Kunywa, kaka," alisema. "Ile imepoa."