Pipa la Mkaa

Mong'ina alilima mboga za managu na sukuma wiki kwenye mteremko chini ya hospitali moja ndogo karibu na Suneka. Wakati wa kiangazi alizinyunyizia maji ya mtaro uliotoka hospitalini. Alipopata maambukizi ya njia ya mkojo, vijidudu vyake vilishinda dawa nne kati ya tano zilizojaribiwa. Ile ya tano, ya sindano, ilimponya.

Persis, mpimaji wa maabara, aliteka maji ya mtaro kwenye chupa. Alilowesha kikaratasi, akakiweka juu ya sahani ya vijidudu vya kawaida. Kesho yake kilikuwa kimezungukwa na duara tupu, ambamo vijidudu vilikuwa vimekufa. Kwenye sahani ya pili alikuwa amepanda vijidudu vya Mong'ina. Hivyo viliota mpaka ukingoni mwa kikaratasi. Jiki ya kusafishia sakafu ingeviua vyote, kwa hiyo haikuwa jiki. Maji yalibeba dawa za wagonjwa.

Meneja wa hospitali, Ogeto, alisikiliza bila kuketi.

"Nani amelalamika?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Nipe mapipa mawili ya kuchujia maji, na Ombati."

Ombati, fundi wa bomba, alijaza mchanga pipa moja na mkaa wa magunzi ya mahindi la pili. Maji ya mtaro yalipitishwa humo, lakini duara lilibaki vilevile. Persis hakula chakula cha mchana siku hiyo.

"Maji yanapita mbio," Ombati alisema. "Na mkaa ni mabonge."

Wakautwanga kwenye kinu, wakabana koki hadi maji yakadondoka. Sahani iliyofuata haikuwa na duara. Persis aliitazama, akaandika tarehe, akaiosha.

Baada ya wiki sita duara lilirudi, dogo. Mkaa ulikuwa umeshiba dawa. Ombati alitaka kuumwaga migombani.

"Hapana, fundi. Dawa yote iko humo. Tuuchome kwenye tanuri la taka."

Waliuchoma, wakajaza mwingine. Ikawa kazi ya kila mwezi.

Mong'ina alipita hapo akielekea shambani, akamkuta Persis kando ya pipa.

"Sasa maji ni mazuri, daktari?"

"Dawa imepungua, mama. Uchafu mwingine bado uko. Usinyunyizie mboga."

"Na wale wadudu wangu?"

"Waliokwisha kutoka mtaroni sijui walipo."

 Wiki hiyo Mong'ina aling'oa mboga zote, akapanda nyasi za nepia za kulisha ng'ombe.